Mashine ya Mama Athanasie

Kimironko, Kigali

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Rwamagana, na kwamba goti limekuacha upumue kidogo. Mimi sijambo, duka linakwenda, na bado nanenepa kama ulivyonisema siku ya Idi.

Leo nataka kukueleza habari za mama mmoja wa Gatsata, Athanasie. Marehemu mumewe alikuwa na ukumbi wa gemu, zile mashine kubwa kama kabati ambazo mtu anatia sarafu, anasimama na kucheza. Ukumbi ulifungwa, ikabaki mashine moja chini ya turubai. Siku hizi wenye pesa wanazigombania, na unajua mwanao anaishi kwa kununua na kuuza vitu vya zamani.

Nilipofika aliniuliza jambo moja tu: inakwenda kwa nani? Wanunuzi watatu walikwisha kumfuata na bei nzuri akawafukuza, maana walitaka pambo. Alisema, “Hii haiko ya sebule, iko ya watoto.” Nikamweleza kuwa kuna watoto Kagarama wasio na pa kuchezea. Bei ikashuka papo hapo.

Halafu nikaona mambo, mama! Niliileta dukani ikiwa mbovu, na siku tatu mfululizo alikuja kwa pikipiki na mfuko wa vipuri alivyovitunza, akavaa miwani, akalehemu nyaya kwa mikono yake. Fundi wangu Mugabo, na maringo yake yote, alikaa pembeni akimshikia tochi. Alipomaliza alijifunga kitenge vizuri, akatia sarafu, akacheza huku akiwatukana maadui wa kwenye skrini kwa Kinyarwanda. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Nilitaka kumlipa ufundi, akakataa, akasema watamlipa watoto kwa kelele zao. Nampenda yule mama, nasema wazi. Sijaona mtu anayekifanyia kazi kitu alichokwisha kukiuza.

Sasa kaa chini, mama. Hakuna watoto Kagarama. Yupo Keith, kijana tajiri anayekusanya mashine hizo, na tulikuwa tumeshakubaliana kabla sijakwenda Gatsata. Iko sebuleni kwake, imezimwa, juu yake kuna chombo cha maua. Chumba kipya cha duka ulichonipongezea kimetoka humo. Nilijiambia kuwa kununua rahisi na kuuza ghali si dhambi, na kweli si dhambi. Lakini bei ile hakunipunguzia mimi. Aliwapunguzia watoto, nami nikaila.

Nimemwomba Keith anirudishie nimpe pesa zake zote, akacheka. Na kila Ijumaa nikikutana na Mama Athanasie sokoni ananiuliza watoto wanachezaje, nami namjibu wanacheza vizuri. Jana alikuwa amebeba pakiti mbili kubwa za biskuti. Anataka Jumamosi ijayo nimpeleke akawagawie mwenyewe.

Nitakwenda. Nitamwambia ukweli nyumbani kwake, kabla hajavaa viatu. Nimeanza na wewe ili mdomo uzoee.

Nisalimie dada Umutoni na wanawe, na majirani wote wa hapo msikitini. Usinipigie simu, mama, nikisikia sauti yako nitalia mbele ya wateja. Niandikie, hata mistari miwili, uniambie kama bado nina radhi zako.

Mwanao,
Twahiru