Bangi ya Kwendea Ukweni

Dada Rukia,

Hujambo? Huku Nyamache mvua haikosi alasiri. Juzi sokoni, mama muuza ndizi, mwenye bangi chini ya mikungu, alimhudumia mchonga mawe wa Tabaka aliyetaka ya kuondoa woga kabla ya kwenda kuposa. Daktari wetu hajawahi kuniuliza maswali kwa makini vile.

“Wakwe ni watu gani?”

“Wasabato, mama. Hata chai hawanywi.”

“Basi acha ya bondeni, utacheka. Chukua ya mlimani. Ukisinzia watadhani unaomba.”

Na kweli wakadhani. Leo nimemkuta amenuna: wazee wamemsifu kwa ucha Mungu, ila binti amemkataa. Amesema hataki mume anayelala hata kabla ya harusi.

Msalimie shemeji, kama yuko macho.

Nduguyo akupendaye,
Salim