Nyota ya Rangi ya Chungwa Ng'ambo ya Muto

Mama mupenzi,

Ninapiga magoti kutoka huku Ubelgiji kukuuliza: goti lako linaendeleaje? Mimi niko muzima kwa neema ya Bwana, ila usingizi unanikataa tangu mudogo wangu Furaha aliponipigia simu. Yeye njo atakusomea barua hii. Umukalishe karibu, asiruke maneno.

Aliniambia: "Yaya, Mama amefunga mizigo tena. Chumvi, Biblia, sufuria ndogo. Anasema nyota ya vita, ile aliyoiona mwaka tuliokimbia, imerudi ng'ambo ya muto. Anataka tushike njia ya reli mupaka Kibombo, kwa miguu."

Nikamuuliza: "Umemukataza?"

"Nimukataze nani? Ananijibu kwamba wakati wa vita mimi nilikuwa bado ninanyonya."

Mama, nyota ile hata huku inatoka jioni, upande wa mashariki, ninapotoka kwenye kazi yangu ya kupiga pasi. Nikamwendea muzee mumoja wa parokia yetu, mwenye lunette kubwa ya kutazamia mbingu. Nikaweka jicho. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva, damu unayoisema sikuiona. Akanieleza ni nyota iliyozeeka, imevimba kupita jua letu mbali sana, lakini moto wake umepoa kidogo, ndiyo sababu haiwaki nyeupe. Kila mwaka majira haya inarudi jioni. Nikamuuliza kama inaleta vita.

Akacheka. "Binti yangu, mwangaza unaouona leo ulitoka kule zaidi ya miaka makumi tatu iliyopita. Nyota yako haijapata hata habari ya vita yenu ya kwanza."

Basi ilikuja pia miaka yote ya amani, Mama. Ni sisi hatukuinua macho.

Unajua Baba hakupigwa risasi. Njia ile ya Kibombo njo ilimuua, mvua na homa, tukamuzika pembeni ya reli. Sitaki njia ile ikuchukue na wewe kwa sababu ya nyota.

Lakini sikudanganyi. Habari za vita huko mashariki ya inchi yetu ninazisikiliza kila asubuhi mbele ya maombi, na mimi pia ninaogopa. Kwa hiyo mizigo usiifungue. Uangalie majirani wetu wanaotumika kwenye reli: siku watakapopandisha wake na watoto wao kwenye treni, upande nao. Mbele ya siku ile, ukae.

Munisalimie shangazi anayeuza samaki bandarini, na katekista anayekuletea komunyo nyumbani.

Furaha, ukimaliza kusoma, unipigie na umupe simu. Nataka kusikia kwa kinywa chake kwamba anakaa.

Mutoto wako wa kwanza, anayekuombea bila kutulia,
Anyesi