Dada Kaondoka, Vichwa 64 Vimebaki

Mpendwa mshauri, naomba msaada: Jumatatu saa nne asubuhi nilimpoteza dada yangu, hajafa, kachukua mkoba wake kaondoka, na ndiye mpanga kurasa pekee katika kiwanda changu cha uchapaji, nilichokianzisha mwenyewe na mashine moja mbovu, leo zipo tano. Tulikuwa na kitabu cha muuguzi mstaafu, kurasa 312, sura 64, na mwenyewe alitaka vichwa vya sura viwe herufi kubwa tupu, sasa Jumapili nikafungua faili la dada nikakuta kaviandika kwa herufi za kawaida, nikasema huyu kategea, nikaketi saa tatu nzima nikaviandika upya kimoja kimoja kwa herufi kubwa, kumbe yeye alikuwa ameipa kompyuta agizo moja tu la kuvigeuza viwe herufi kubwa vikifika kwenye karatasi!

Jumatatu muuguzi akabadili mawazo: “Vinanipigia kelele, virudisheni.”

Dada akacheka. “Mama, hiyo ni kufumba na kufumbua.” Akafuta agizo lake, vichwa vikabaki vile vile. Akajaribu mara nne.

“Binti, kazi huijui,” muuguzi akamwambia mbele ya mafundi sita.

Dada akanigeukia: “Mdogo wangu, kuna mtu kagusa faili?” Nikasema sijui. Lakini mshauri, bosi ni mimi, na habari za agizo hakuniambia! Kitabu kinatakiwa Ijumaa. Nitafute mpanga kurasa mwingine, au nisubiri apoe?

*

Bosi wa mashine tano, pole kwa saa zako tatu. Hakukuambia? Ulimuuliza? Mwenzio kafanya kazi ya akili, wewe ukaiharibu kwa vidole, kisha ukamwacha atukanwe kwa niaba yako. Halafu ndiye apoe!

Huyo mpanga kurasa mwingine ataukuta mzigo ule ule. Kompyuta inaweza kuzishusha herufi zote ziwe ndogo kwa mpigo, ila haijui lipi ni jina la mtu au la hospitali na lipi ni neno la kawaida, kwa hiyo lazima mtu avipitie vichwa vyote 64. Mtu huyo ni wewe. Anza leo. Ukimaliza, mpigie muuguzi kabla ya dada, umwambie nani aliharibu, na mafundi sita wasikie. Ndipo umwendee dada na faili mkononi, bila “lakini” hata moja.

Alhamisi saa sita mchana nataka jibu, neno moja linatosha: muuguzi umemwambia, au bado?