Usukani Ambao Hukuuona

Toronto, Oktoba 2014

Kaka yangu mpendwa,

Jumamosi iliyopita nilifika kwenye ile meli iliyozama. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nilikudanganya, na mwezi huu umetimia mwaka wa pili tangu tukuzike.

Unakumbuka safari yetu ya mwisho. Tulitoka nyumbani Thorncliffe Park alfajiri, Mama akatukabidhi chupa ya chai ya tangawizi mlangoni. "Wenzenu wanaikimbia baridi," alisema, "nyinyi mnaifuata mpaka chini ya maji."

"Kule chini hakuna theluji, Mama," ukamjibu. Hakucheka.

Njia nzima hadi Ziwa Huron ulizungumzia usukani. Maji ya baridi yamehifadhi mbao, ulisema, na usukani bado umesimama nyuma kabisa ya meli.

Kule chini, tulipofika kwenye mlingoti wa meli ulioanguka, nilikuonyesha glavu yangu, nikakuashiria kwamba inavuja. Wewe ndiye uliyenifundisha sheria ya wapiga mbizi: mmoja akitaka kupanda, wawili wanapanda, bila maswali. Ulitazama nyuma ya meli mara moja tu, ukanishika mkono, tukapanda.

Kwenye boti ukanimiminia chai. "Pole, mdogo wangu. Meli imelala pale miaka mia, itatukimbilia wapi?"

Majira ya baridi yaliyofuata ukaanza kuumwa. Hukurudi tena kwenye meli.

Glavu haikuwa inavuja, kaka. Niliona giza lile mbele yetu, nikaogopa, nikaona haya kukwambia. Siku moja hospitalini uliutaja ule usukani. Ilikuwa nafasi yangu. Nikaanza kukunja blanketi lako.

Sasa nimeuona. Ni mdogo kuliko tulivyodhani, unanifika kiunoni. Mshikio mmoja umevunjika, na mingine imelika kidogo, nadhani mahali mabaharia walipokuwa wakiishika. Samaki mmoja alikuwa ametulia chini yake.

Nikageuka kushoto nikuonyeshe, upande ulikokuwa ukikaa siku zote. Nikamkuta mzee mmoja kutoka mji wa Mississauga, mwenzangu wa kupiga mbizi siku ile. Akaniuliza kwa mkono kama niko salama. Nikamjibu kwamba niko salama.

Nisamehe, kaka. Ulistahili kuuona wewe kwanza.

Pumzika kwa amani,
Mdogo wako