Sikukuu ya Kazimiri Mlimani

Kerrick Patch, Pennsylvania
13 Januari 1935

Mwanangu Adomas,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, ila kikohozi changu cha vumbi ni kilekile, na mama yako anasumbuliwa na goti. Elena hajambo? Mimba inaendeleaje?

Huku mgodi mkubwa ungali umefungwa. Kampuni inasema makaa hayana soko, lakini malori yanatoka New York kununua haya tunayochimba kwa sururu katika mashimo yetu mlimani. Eti sisi ni wezi! Kama vile babu zao ndio walioyapanda. Askari wao wakilipua shimo leo, kesho tumefungua jingine. Juma lililopita waliamua kuleta tingatinga lifukue mlima mzima. Kina mama wakaingia kwenye kijiko chake cha kuchotea udongo, wakaketi, wakaanza kumenya viazi. Dereva alivuta sigara mpaka jioni, kisha akaondoka nalo. Mama yako alikuwa katikati yao, na goti lake hilohilo.

Mwenzangu wa shimo ni Gwilym Prosser, yule mtu wa Wales aliyekufundisha kugonga paa la mgodi na kusikiliza kama ni imara. Anakusalimu. Anasema hajapata kufundisha Mlithuania mwenye kichwa kigumu kama chako, ukiniondoa mimi.

Baba yako,
Simonas

Hazleton
3 Februari 1935

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yangu. Elena hajambo, tumbo limekuwa kubwa.

Nimepata kazi. Naendesha tingatinga la mkandarasi wa Kampuni, na mlima tunaopelekwa mwezi ujao ni wenu.

Najua utanitukana. Tukana, halafu nisikilize. Elena alikuwa anakula mkate mkavu na mtoto tumboni. Nikishuka kwenye kiti kile, nje ya geti wapo watu watakaopigana ili wakikalie. Tingatinga litakuja tu, niwepo nisiwepo.

Mwanao,
Adomas

Kerrick Patch
10 Februari 1935

Adomas,

Hatujambo. Barua yako nimeisoma mbele ya mama yako, akatoka nje.

Basi njoo. Utamkuta kwenye kijiko, na amesema safari hii hatamenya viazi, atakutazama tu. Mnyanyue tuone kama si mzito.

Anayekutetea ni Gwilym peke yake. "Mwache kijana, Simonas," ananiambia. "Na wewe mkeo alipokuwa na mimba uliwainamia mabwana mpaka mgongo ukapinda." Nikamwambia anyamaze, avute makaa.

Baba yako

Hazleton
24 Februari 1935

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Elena hajambo.

Sasa nimepata njia. Mama hatakaa kwenye kijiko mbele yangu, wala hakuna mtu atakayeumia. Usiniulize zaidi. Tarehe nne Machi, sikukuu ya Mtakatifu Kazimiri wetu Walithuania, nendeni kanisani wote kama kawaida, mniombee.

Mwanao,
Adomas

Kerrick Patch
28 Februari 1935

Mwanangu mpendwa,

Afya zetu njema, na leo njema zaidi. Tumekuelewa! Umeacha kazi yao, ila unaona aibu kusema. Mama yako ametoa soseji aliyokuwa akiificha kwa ajili ya Pasaka, na mimi nimejitapa barabara nzima kwamba mwanangu hanunuliki. Chumba chako kipo, njoo na Elena. Shimoni tutakuwa watatu. Gwilym anajidai kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Siku ya Kazimiri tutakuombea kwa sauti.

Baba yako anayejivunia

Kerrick Patch
10 Machi 1935

Adomas,

Sijui kama u mzima. Mimi ni mzima, na naona aibu kuwa mzima.

Tukiwa kwenye misa ya Kazimiri, tingatinga lilipanda mlimani. Hapakuwa na mtu wa kukaa kwenye kijiko. Tulitoka tukakuta mashimo yote yamefukiwa, nalo limeshaondoka kwenda bonde jingine. Wengine walisema afadhali mashimo kuliko watu. Ndipo Olwen, mke wa Gwilym, akaja mbio na chakula cha mumewe mkononi. Gwilym alikuwa shimoni. Kanisa lao halina watakatifu, kwake ilikuwa Jumatatu tu. Aliteremka peke yake kuegemeza paa kwa magogo, ili mimi nikirudi nipakute salama.

Desturi yetu unaijua. Mlima mzima uliacha shughuli zake, hakuna aliyeuza hata gunia, malori yakarudi matupu. Tulichimba kwa koleo, mamia yetu. Kwa kile kijiko ingekuwa kazi ya muda mfupi. Tuligonga bomba linaloshuka shimoni, akajibu kwa kugonga. Kesho yake hakujibu. Tulimpata Jumatano, majivu ya Kwaresima yakiwa kwenye vipaji vya nyuso zetu.

Jana tulimzika. Jeneza tulilipitisha mbele ya ofisi ya Kampuni, wakafunga madirisha.

Sasa watu wanauliza Kampuni ilijuaje. Mabwana wale hawamjui Kazimiri wala siku yake. Nimeisoma tena barua yako. Ni wewe?

Baba yako

Hazleton
14 Machi 1935

Baba,

Ni mimi. Niliwaambia siku ya Kazimiri mlimani hapatakuwa na mtu. Nilipitia nyumba zenu zote kichwani, moja baada ya nyingine, nikaona wote mko kanisani. Gwilym nilimwona amekaa kando yako. Tangu utoto wangu yeye ni mtu wetu, sikukumbuka kwamba si wa kanisa letu.

Niliendesha mwenyewe. Mashine ina kelele, sikusikia chochote.

Kazi nimeacha. Niambie nifanye nini.

Mwanao

Kerrick Patch
21 Machi 1935

Adomas,

Mama yako hajambo. Hajui, na mimi sitamwambia.

Watu wameanza kufungua mashimo upya. Langu bado, kwa sababu shimo la mtu mmoja ni kaburi, na kila ninayemwomba ana mwenzake. Kwa hiyo njoo. Sikuiti kwa kuwa nimekusamehe. Nakuita kwa sababu hapa tunakula viazi vya kuomba, na kwa Olwen hakuna hata hivyo viazi. Nusu ya utakachochimba ni yake, siku zote utakazokuwa na nguvu ya kuchimba.

Ukifika usipitie nyumbani. Anzia kwa Olwen, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Yeye bado anakusifu kwa majirani kwamba uliacha kazi yao.

Baba yako