Fomu ya Kasuku

Jumanne tarehe 14, asubuhi ya manyunyu. Mwenzangu, nina hasira. Acha nikuandikie kabla sijamkufuru Mungu.

Leo nimempeleka mwanangu Kasuku kliniki ya ushauri ya watoto. Unajua tangu baba yake azikwe hajatamka neno, miezi miwili sasa.

Mbele yetu alikuwa mama mmoja wa kabila la karani. Mwanawe naye amenyamaza, tangu ajali. Karani akamwambia, "Pole dada," akaandika kwenye fomu yake: "Huzuni. Aonwe na daktari leo."

Ikafika zamu yetu. Akauliza jina la ukoo, akanipima juu mpaka chini, kana kwamba kliniki ni ya baba yake. "Mama, watoto wa kwenu hawana magonjwa ya mawazo. Huo ni ukaidi." Akaandika, akanisogezea wino nitie kidole gumba.

Wino, mwenzangu. Hata hakuniuliza kama najua kusoma.

Miaka miwili ya masomo ya jioni, kumbe Mungu alikuwa ananiandalia siku hii. Nikasoma kwa sauti, benchi zima likasikia: "Mkaidi. Arudishwe kwa mwalimu wa nidhamu."

Wa nidhamu. Mtoto aliyefiwa.

"Kumbe unasoma?" karani akanong'ona.

"Nasoma. Na ya yule mama nimeisoma pia."

Nikawageukia waliokaa. "Nyinyi ni mashahidi. Naapa mbele za Mungu, mwanangu hatoki hapa bila kuonwa na daktari. Na kuanzia kesho, mzazi yeyote wa kwetu akija, fomu yake nitamsomea mimi kabla hajatia kidole."