Valvu Zote Zifunge Kulia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, chai umeshakunywa na kichwa kimetulia, maana nina mengi. Huku sote wazima, isipokuwa mafua yanayotuzunguka humu ndani. Akipona mmoja anamwachia mwenzake. Wasiwasi wetu ni juu yako. Magoti yanaendeleaje? Usingizi unaupata? Wifi ananiambia unakula vizuri, lakini wifi yangu ni mtu wa kunipunguzia makali ya mambo, kwa hiyo nangoja nisikie kwako mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu, Baba, hunipi nafasi. Kabla sijafungua mdomo umeshaniuliza presha ya pampu ikoje na nani siku hizi anashika ufunguo mkubwa, na tukimaliza hayo salio limekwisha, mimi sijasema nililopigia. Barua haikatizwi. Na ukitaka utaisoma tena.

Nianze na ya kazini. Lile bomba kuu la kupeleka maji mtaa wa juu limeidhinishwa, na mimi nimepewa kusimamia uchaguzi wa valvu zake. Wenzangu wengine walinipa pole, eti wao wamepewa matangi na pampu, vitu vya kupigia picha, mimi nimeangukiwa na vyuma vya kufukia. Niliwaacha wacheke. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba valvu ya geti inakaa chini ya barabara miaka nenda miaka rudi ikiwa wazi, hakuna anayeikumbuka, halafu siku bomba linapopasuka inatakiwa ishushe geti lake na kukata maji palepale, bila ubishi. Isiposhuka siku hiyo, ni sawa na haikununuliwa.

Wauzaji walileta sampuli, tukazipanga kwenye meza ndefu ya stoo. Mtunza stoo wetu, yule tunayemwita Bi Risiti kwa sababu hata kalamu hakupi bila kusaini, alitandika magazeti kwanza ili meza yake isichubuke. Ya kwanza ilikuwa na geti la shaba linalokaa kwenye mfereji chini. Inang'aa, nzito, na bei yake ilimfanya mkuu wetu atabasamu kabla hata hajaigusa. Ya pili ndiyo ile ambayo nondo yake ya kuzungushia geti inapanda juu unapoifungua, hivyo ukiwa mlangoni tu unajua iko wazi au imefungwa. Hiyo niliipenda kwa ajili ya nyumba ya pampu. Lakini chini ya barabara, nondo hiyo ipandie wapi? Ya tatu geti lake limevalishwa raba, njia ya maji chini ni tambarare haina mfereji, nondo ni ya chuma kisichoshika kutu na inazunguka palepale bila kupanda. Mwili wake umepakwa rangi ngumu ndani na nje.

Maneno ya wauzaji unayajua. Yule wa valvu ya shaba, kijana wa viatu vilivyochongoka mbele, alisema bidhaa yake itatuzika sisi na wajukuu wetu. Bi Risiti akamuuliza kama na yeye atakuwepo kwenye mazishi, au garantii inaishia getini. Mimi sikutaka maneno. Nilimwagiza Twiga, fundi uliyemlea wewe, alete mchanga kutoka kwenye tangi letu la kuchujia, ule ule unaoletwa na mto mvua zikinyesha, tukatia konzi moja ndani ya kila valvu, tukaifunga, kisha tukaipa presha kwa pampu ya mkono. Twiga alipampu akiwa amekaa kwenye kiti, maana mguu wake bado haujawa sawa tangu ile habari ya ngazi niliyokusimulia, lakini mikono yake unaijua.

Ile ya shaba ilianza kudondosha maji mara moja. Geti lilishuka vizuri, likakuta mchanga umekaa kwenye mfereji, likaketi juu ya mchanga. Kadiri tulivyokaza ndivyo ilivyolalamika. Muuzaji alisema valvu yake haikutengenezwa kula mchanga. Bi Risiti akamwambia basi aende akauambie mto. Ile ya raba ilibana kavu, na tulipoifungua na kuifunga tena ikabana kavu tena. Nikaandika uamuzi wangu hapo hapo juu ya gazeti la Bi Risiti, naye akanikasirikia kwa kuharibu gazeti.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Lakini muuzaji wa ile ya raba, mama mmoja mtulivu asiyependa kelele, aliuliza swali dogo tu: tunataka zifunge kuelekea kulia au kushoto, maana kiwandani wanaweza kutengeneza upande wowote. Mkuu akamtazama Bi Risiti, Bi Risiti akanitazama mimi. Wewe peke yako, Baba, ungejua swali hilo lilitugusa wapi.

Valvu za kwanza za mji huu, mlizoziweka wewe na wenzako, zinafunga kushoto. Zilizokuja baadaye zinafunga kulia. Na kwa kuwa kila iliyoharibika ilibadilishwa na yoyote iliyokuwepo stoo siku hiyo, sasa mtaa mmoja una zote mbili, na mtu aliyesimama juu ya barabara anaona kifuniko kile kile. Michoro yetu inaonyesha zilipo, haionyeshi upande. Upande umekaa kichwani mwako. Ndiyo maana tangu ustaafu simu yako hailali. Najua unavyoipenda simu hiyo. Wifi anasema ikilia unanyoosha mgongo, unawanyamazisha wajukuu na kuwaambia kuwa ofisi inakutafuta. Sisi watoto wako tumelifurahia hilo kuliko unavyodhani.

Mkuu wetu alitaka tuagize za kushoto, zifanane na zile za zamani za mtaa wa juu, tuepuke kuchimbua barabara na kusikiliza watu wakilalamika kukosa maji. Halafu akasema, kama mtu anayeweka kifuniko juu ya sufuria, kwamba tukikwama mzee yupo, tutampigia. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Ni heshima kwako, Baba, na siku nyingine ningevimba kichwa kwa kuisikia.

Niliinuka nikasema hapana. Nilisema valvu zote mpya zifunge kulia, na kila ya kushoto iliyobaki, juu na chini ya mji, ichimbuliwe itolewe, hata kama kazi itatuchukua miaka. Nilisema sitatia saini agizo lolote linalotegemea kumbukumbu ya mtu. Mkuu aliniuliza kama nataka kufuta kazi ya baba yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba ndivyo. Tulivutana mpaka chai ikapoa, tukavutana kesho yake tena, na mwisho walikubali. Agizo limeshakwenda kiwandani. Ile iliyo mbele ya karakana ya seremala ndiyo itakayotolewa kwanza.

Najua hii imekuchoma. Bolti zile ulizikaza kwa mikono yako, nyingine kwenye matope hadi kiunoni, na Mama alikuwa akifua nguo zako kando na zetu. Ningeweza kuishia hapa, nikakuachia udhani bintiyo amelewa cheo. Nimefikiria kufanya hivyo. Lakini nimepiga moyo konde, nakueleza.

Twiga hakuanguka kwenye ngazi.

Bomba lilipasuka pale kwa seremala. Umeme ulikuwa umekatika, pampu imelala, bomba halina presha. Msimamizi wa zamu hakuwa na uhakika na upande wa ile valvu, akakupigia, nawe ukamjibu palepale bila kusita kwamba inafunga kulia. Baba, ile inafunga kushoto. Wakazungusha kulia, ikakazika, wakadhani imefunga, kumbe wameikaza ikiwa wazi. Twiga akashuka shimoni akakata bomba. Umeme ukarudi, pampu ikawaka. Maji yalikuja yote kwa mpigo, ukingo wa shimo ukaporomoka juu ya mguu wake, na yeye maji yamemfika kifuani, hawezi kujinasua. Nilifika wenzake wakimvuta kwa kamba. Urefu wake ule uliokufanya umpe jina ndio uliomwokoa, mwingine angezama.

Yeye ndiye aliyetuapisha tusikwambie. Alisema wewe ndiye uliyemshika mkono akiwa hajui hata kushika spana, na hawezi kuwa sababu ya wewe kuacha kulala. Mimi nikakubali, nikabuni ngazi. Kila ulipouliza hali yake nilikudanganya, na kila mara nilijichukia.

Sikulaumu kwa ule mguu. Kosa kubwa ni letu ofisini. Pampu ilipaswa kufungiwa kwa kufuli kabla mtu hajashuka, na hakuna aliyefanya hivyo. Tulikugeuza wewe kuwa ramani, tena baada ya kustaafu, bila hata kukuuliza kama umechoka. Hilo nimelisema mbele ya mkuu na nitalisema tena.

Lakini kuna la pili, na hili ni la nyumbani. Baada ya ajali nilikupigia mimi mwenyewe, nikakuuliza kuhusu valvu ya kona ya shule. Ukasema kushoto. Wiki iliyofuata nikakuuliza ile ile. Ukasema kulia, kwa sauti ile ile ya mtu mwenye uhakika, ukanicheka na kuniambia mhandisi mzima sijui mambo. Ulikuwa mtego, Baba. Nilimtegea baba yangu mzazi, na ninakuomba radhi. Nilikata simu nikalia jikoni mpaka wali ukaungua, mume wangu akadhani nimefiwa.

Wifi naye alinieleza mengine nilipombana, usimkasirikie, nilimlazimisha. Alisema siku hizi ukiulizwa jambo lililokutoka akilini unajibu haraka zaidi kuliko zamani. Nikaelewa. Katika maisha yangu yote sijawahi kukusikia ukisema hujui. Kazini ulikuwa ukiulizwa unajibu, nyumbani ukiulizwa unajibu, na sisi tulikua tukiamini kuwa baba ndivyo anavyotakiwa kuwa. Kumbe tulikuwa tunakubebesha mzigo.

Kwa hiyo nimeamua mambo mawili, na sitarudi nyuma hata ukininunia. La kwanza, nimewaomba ofisini wasikupigie tena kuuliza valvu. Kama kuna wa kukasirikiwa ni mimi, wao wametii tu. Najua simu itakuwa kimya na kimya hicho kitakuuma. Kinaniuma na mimi ninapokiandika. Wakitaka kukupigia kukusalimia wapige, na nimewaambia wakija nyumbani waje na sukari.

La pili, nimezungumza na daktari wa magonjwa ya wazee, mtu mpole, anayeongea polepole. Jumanne nitakuja na gari la kazini kukuchukua. Kaka anajua na atakuandalia nguo. Usiniambie magoti yanauma, maana gari linasimama mlangoni. Usiniambie pia kwamba wewe si mgonjwa. Labda si ugonjwa, labda ni uzee tu na uchovu, na hilo tuambiwe na anayejua.

Twiga anakusalimu sana. Nilimwambia ninakuandikia ukweli, akasema mguu unapona na wewe bado ni mwalimu wake, na kwamba akiweza kupanda ngazi za kwa kaka atakuja mwenyewe umkague. Bi Risiti anakusalimu pia, na anasema kuna koti la mvua la ofisi hujalirudisha. Wajukuu wako wa huku wanakubusu. Nisalimie kaka, wifi na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake.

Daktari atakuuliza maswali mengi. Mengine yataonekana ya kitoto: leo ni siku gani, mwezi gani, tumepita njia ipi kufika. Usimjibu haraka, Baba. Unalolijua mwambie, na usilolijua sema hujui. Nitakuwa nimekaa kando yako nimekushika mkono, na safari hii hakuna mtu shimoni.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kitindamimba wako